MWAMBA NGOMA NA PICHA ZA HALI YA HATARI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakupa maana yake bila kufikiri. Lakini naungama mbele yenu kwamba nilikuwa nimeikariri tu kama kasuku. Maana yake niliipata mwaka huu, muhula wa pili, kwa sababu ya karatasi moja ya fotokopi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa katika somo la historia, mada ikiwa harakati za kupigania uhuru. Mwalimu alitugawia karatasi, watu watatu karatasi moja kutokana na uhaba. Juu yake palikuwa na picha ya zamani isiyo na rangi. Wanaume wengi sana wameketi mchangani, mistari kwa mistari, magoti wameyakunja, wengine mikono iko juu ya kichwa. Nyuma yao kuna seng'enge. Kando amesimama askari Mzungu, kofia imelala upande mmoja, bunduki iko mkononi. Maelezo ya Kiingereza yaliyokuwa chini yake yalisema kwamba hao ni washukiwa wa Mau Mau wakichunguzwa, Nairobi, 1954. Yakataja pia jina la kikosi cha yule askari. Basi, hayo tu.

Mmoja wetu akanong'ona, "Ona hawa, wamekalishwa kama watoto wa nasari wakingoja uji!" Tukaangua kicheko. Sisemi kwamba wenzangu waliangua kicheko. Nasema tuliangua, kwa kuwa nami nilicheka, tena mbavu nikashika. Mwalimu hakutukemea. Alitutazama tu, kisha akatwambia tubebe zile karatasi nyumbani tuwaulize wazee. Wengi walizisahau kwenye madawati. Mimi niliichukua yetu, si kwa sababu ya bidii, ila niliona upande wa pili ni mtupu na ungenifaa kwa hesabu.

Sasa nyanya yangu mzaa mama amekuwa akikaa nasi hapa Mbotela tangu Januari. Alitoka Murang'a ili atibiwe macho. Jioni moja nilikuwa mezani nikikokotoa hesabu zangu, yeye akaipokonya ile karatasi na kuigeuza. Akaenda nayo dirishani penye mwangaza. Akaisogeza karibu na uso mpaka ikakaribia kumgusa pua. Halafu akaanza kupitisha kidole juu ya kila uso, kuanzia mstari wa kwanza, polepole, kama mtu anayechagua mchele.

"Shosho, unatafuta nini?" nikamuuliza.

Hakunijibu mpaka alipomaliza mstari wa mwisho. Ndipo akaniuliza swali lililonishinda. "Huyu aliyepiga hii picha alikuwa amesimama wapi?"

Nikaitazama upya. Kweli, wale wanaume tunawaona kutoka juu, utosi zao zote ziko wazi. Mpiga picha alikuwa amepanda juu ya kitu, labda lori. Tena alikuwa upande wa ndani wa seng'enge, karibu na askari, mahali ambapo hakuna mtu angefika bila ruhusa. Hakuna hata mmoja kati ya walioketi aliyemtazama. Nami nilikuwa nimeiangalia picha hiyo kipindi kizima cha dakika arobaini bila kuliona hilo.

Usiku huo nyanya alinisimulia jambo ambalo hata mama yangu hakuwa amewahi kulisikia lote. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka tisa. Kaka yake, kifungua mimba wa familia, alikuwa akifanya kazi katika duka la vitambaa hapa Nairobi na kulala mtaa wa Bahati. Krismasi ya 1953 alifika nyumbani na zawadi tatu: blanketi la mama yake, sukari, na picha yake mwenyewe aliyopigwa studio. Alikuwa amesimama, amevaa suti ya kuazima, mkono mmoja ameuweka juu ya kiti, na rafiki zake wawili wako kando yake. Hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyopata kuingia katika nyumba ile. Majirani walikuwa wakija kuitazama.

Aprili 1954 kaka akakamatwa. Baadaye mtu mmoja akaleta habari kwamba alionekana akipakiwa kwenye gari la moshi kwenda Manyani. Toka hapo, kimya. Wakati huo homugadi walikuwa wakipekua nyumba usiku. Mama yake nyanya akaogopa kwamba wakiwaona vijana watatu wa Nairobi ukutani, watauliza hao wawili ni akina nani na wako wapi. Kwa hivyo akaibandua ile picha na kuitia kwenye moto wa jikoni, chungu kikiwa juu ya mafiga. Nyanya aliiona ikijikunja kuanzia pembeni. Muda si mrefu wakahamishwa kwa nguvu hadi kijiji kilichozungushiwa handaki, kama walivyohamishwa watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati wa enzi hizo.

Kaka hakurudi. Manyani kulizuka homa ya matumbo mwaka huohuo, na kuna waliokufa huko bila jamaa zao kuoneshwa kaburi. Nyanya hajui kama kaka yake ni mmoja wao. "Siku hizi," akaniambia, "naikumbuka ile suti kuliko uso." Ndipo nilipofahamu kidole chake kilikuwa kikitafuta nini kwenye fotokopi yangu.

Jamani, hebu tulinganishe. Picha ambayo kijana yule alikwenda kupigwa kwa hiari yake, amesimama wima, amevalia, iliungua. Picha waliyopigwa wenzake bila kuulizwa, wamekalishwa mchangani, imetunzwa vizuri, ikatolewa nakala, ikavuka miaka sabini na kutua kwenye dawati letu ili tuicheke. Huko London, jumba la Imperial War Museum limehifadhi picha nyingi za askari wa Uingereza waliokuwa Kenya katika miaka ya 1950. Lakini ni familia ngapi hapa Mbotela, Makongeni, Kaloleni au Bahati zilizo na picha yoyote ya mtu wao aliyechukuliwa wakati ule?

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Picha za Hali ya Hatari zisitupwe wala zisifichwe. Lakini zisitumiwe tena darasani, vitabuni wala gazetini bila mtu kuuliza aliyeshika kamera alisimama upande gani. Na sisi vijana tuwaendee wazee tukaandike majina na habari ambazo kamera haikutaka kuandika. Kazi hii haiwezi kungoja tumalize Kidato cha Nne, kwa maana wazee wenyewe wanaondoka mmoja mmoja.

Nianze na tukio la picha yenyewe. Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Msako mkubwa wa Nairobi, ulioitwa Operesheni Anvil, ulianza alfajiri ya Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954 chini ya Jenerali George Erskine. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na watu wengine, wakachunguzwa, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto wengi walirudishwa mashambani. Mitaa hii yetu ya mashariki ndiyo iliyopata kishindo kikubwa, manake ndiko Waafrika wengi walikoishi.

Nilipoona nyanya hakuwa Nairobi siku ile, nilimwendea mzee mmoja jirani yetu aliyezaliwa na kukulia Makongeni, kwenye nyumba za reli. Yeye ni mtu wa Nyanza na alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliitazama fotokopi yangu, akatikisa kichwa. "Hapa wamenyamaza," akasema. "Siku ile hakukuwa na kunyamaza." Anachokumbuka yeye ni vipaza sauti vilivyokuwa juu ya magari, mbwa wakibweka, na zaidi ya yote wanawake wakiita majina ya waume zao na ndugu zao. Anakumbuka pia watu waliovishwa magunia yenye matundu mawili ya macho, ambao walikuwa wakitikisa kichwa, na huyo aliyetikisiwa anapelekwa kando. Katika picha yetu hakuna mwanamke hata mmoja. Hakuna gunia. Hakuna sauti. Mtu akiisoma peke yake atadhani watu walikuja wenyewe, wakaketi, wakangoja.

Kuna jambo jingine aliloniambia mzee huyo ambalo halinitoki akilini. Baba yake aliachiliwa kwa kuwa hakuwa wa makabila yale matatu. Jirani yao Mkikuyu, alipokuwa akiondolewa, alimwachia baba yake baiskeli, akasema, "Nishikie, nitaichukua nikirudi." Baba yake aliiegemeza ukutani. Hakumruhusu mtoto yeyote kuipanda. Ilikaa pale mpaka mipira ikaoza, na mwenyewe hakutokea. Mimi nasema hiyo nayo ni historia ya Anvil, ingawa hakuna mpiga picha aliyetumwa kuipiga baiskeli.

Mfano wangu wa pili ni picha inayojulikana na kila aliyewahi kupanda matatu hapa mjini. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Akapigwa picha akiwa amelazwa chini, amejeruhiwa, mikono imetiwa pingu. Serikali ya kikoloni haikuiweka picha ile kabatini. Ilichapisha zaidi ya karatasi 100,000 zenye picha hiyo katika lugha za Kiafrika na kuzisambaza, ili wafuasi wake wamwone ameanguka na wakate tamaa. Picha hapo ilikuwa silaha kama bunduki. Kimathi akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Lakini tazameni mambo yanavyogeuka. Picha ileile ya kumdhalilisha ndiyo watu wetu walioichukua baadaye wakaivaa kwenye fulana na kuichora kwenye magari kwa heshima. Na mwaka 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa, sanamu yake ilisimamishwa kwenye barabara ya katikati ya jiji inayoitwa kwa jina lake. Kwenye picha amelala, kwenye sanamu amesimama na bunduki mkononi. Waliomlaza walikuwa na sababu yao, na waliomsimamisha wana sababu yao pia. Mwamba ngoma hakufa na ukoloni, wasomaji wangu. Kila zama ina wake.

Fauka ya hayo, kamera ya wakati ule ilichagua hata maiti. Januari 1953 wapiganaji waliiua familia ya mlowezi Ruck huko Kinangop: baba, mama na mtoto wao Michael, mwenye umri wa miaka sita. Picha za chumba cha mtoto yule zilitolewa katika magazeti, na ulimwengu ukalia. Nami nalia pia, maana mtoto ni mtoto. Lakini usiku huohuo mfanyakazi wao Mwafrika aliuawa pamoja nao. Nani aliwahi kutuonesha chumba chake?

Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, watu wengi waliuawa huko Lari, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ilisambaza picha za mauaji yale kila mahali. Hata hivyo, mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu vita hivi, ameeleza kwamba Lari kulikuwa na mauaji mara mbili. Baada ya yale ya kwanza, homugadi na vikosi vya serikali waliwaua wengine kulipiza kisasi. Mauaji ya kwanza yalipata kamera. Ya pili yalipata kimya.

Tena tusisahau kwamba hata karatasi zilifichwa, sembuse picha. Wazee wetu walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, ndipo mwaka 2011 ikakubali kwamba ilikuwa na maelfu ya faili za makoloni zilizofungiwa mahali paitwapo Hanslope Park. Juni 2013 Waziri William Hague akatangaza masikitiko ya serikali yake na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Ikiwa faili zilikaa gizani nusu karne, basi picha tulizo nazo ni zile tu ambazo mtu fulani aliridhia tuzione.

Hapo sasa najua kuna msomaji ananiuliza, "Wewe kwani unatetea Mau Mau? Huoni unaishi mtaa gani?" Swali hilo niliulizwa na rafiki yangu wa dhati tulipokuwa tukitoka shule kupitia Burma, na ni swali la haki. Acha nilijibu vizuri.

Wengi wetu tukisikia jina Mbotela tunamkumbuka Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri aliyetuuliza kila wiki redioni kama huu ni uungwana, na ambaye alituaga Februari 2025. Wapenzi wa Kiswahili wanamkumbuka James Mbotela, mwandishi wa "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichotoka mwaka 1934. Lakini mtaa wetu ulipewa jina la Tom Mbotela wa ukoo huohuo. Huyu aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, na aliwapinga Mau Mau hadharani. Aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma, mahali tunapopita kila siku tukinusa nyama choma. Vivyo hivyo mitaa ya Ofafa ilipewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyepigwa risasi mwaka 1953. Kwa hiyo serikali ya kikoloni iliandika majina ya waliouawa na Mau Mau kwenye mabango ya mitaa yetu, nayo serikali ya uhuru ikaliandika jina la Kimathi mjini. Mimi hutoka kwenye bango la mmoja asubuhi, na nikienda mjini Jumamosi hupita chini ya sanamu ya mwingine.

Nilimuuliza nyanya kuhusu jambo hili, nikitarajia atamlaani Tom Mbotela, kwa kuwa kaka yake aliteseka upande wa pili. Akasema, "Huyo naye alikuwa na mama." Hakuongeza neno.

Jibu langu kwa rafiki yangu ni kwamba sitetei upande. Natetea majina. Tom Mbotela ana mtaa mzima, lakini vijana wengi wanaoishi humo hawajui alikuwa nani wala alikufaje. Wale waliokaa mchangani hawana hata herufi moja. Haya yote mawili ni makosa, na dawa yake ni ileile, yaani kuuliza na kuandika. Kama tunataka haki, basi iwe kwa aliyeuawa Burma, kwa waliouawa Lari mara mbili, na kwa aliyepelekwa Manyani asirudi. Tena hata yule askari Mzungu mwenye kofia ya upande, nikimtazama vizuri naona ni kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi. Wengi wao waliletwa kwa sheria ya kulazimishwa kutumikia jeshi. Sisemi hivyo ili kumwondolea lawama. Nasema ili tujue kwamba mwenye bunduki naye hakuwa ndiye mwenye kamera, wala mwenye amri.

Mwingine atasema, "Wacha ya kale. Ya kale hayanuki." Mimi nasema ya kale yananuka, tena hapa karibu. Hivi majuzi kijana mmoja alishikwa mtaani akishukiwa kuiba simu. Alikalishwa chini, mikono kichwani, shati limepasuka. Simu za watu zaidi ya kumi zilikuwa juu ya kichwa chake zikimpiga picha. Kabla ya saa moja picha zilikuwa zimefika kwenye simu za wanafunzi wa shule hii, na maandishi ya kuchekesha chini yake. Baadaye ilijulikana simu ilikuwa imesahaulika kwenye kibanda cha chips. Picha hazikurudi. Nilipomwona amekaa vile nilikumbuka ile fotokopi, nikaona aibu mara mbili. Maana safari hii waliosimama juu ya lori ni sisi wenyewe.

Kwa hivyo, kabla sijatua kalamu, naomba niwasilishe mapendekezo yangu kwa Chama cha Kiswahili na kwa walimu wetu.

Kwanza, kila mwanachama amtafute mzee mmoja, wa kabila lolote na wa upande wowote, aliyeishi wakati wa Hali ya Hatari. Amwoneshe picha moja ya wakati ule na kumuuliza anaona nini, na nini hakionekani. Aandike majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, tufasiri baadaye. Asiyetaka kusema asisumbuliwe, kwa sababu kuna wanaonyamaza kwa uchungu na kuna wanaonyamaza kwa hofu hata leo.

Pili, tukague picha zilizoko nyumbani kwetu, zile za kwenye makopo ya biskuti na chini ya godoro. Nyuma ya kila moja tuandike kwa penseli jina la kila mtu, mahali, mwaka, na aliyepiga. Tusingoje matanga ndipo tuanze kuulizana, "Huyu wa kushoto ni nani?"

Tatu, naomba walimu watupeleke kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa benki zamani. Si mbali, ni nauli ya matatu moja tu. Twende na orodha ya majina na maswali, tusiende kama watalii.

Nne, na hili ni letu sote: usimpige mtu picha akiwa amekalishwa chini. Ukishindwa kujizuia, basi angalau usiitume. Na ukitumiwa, usicheke kama nilivyocheka mimi.

Sijui kama kazi hii itampatia nyanya yangu uso wa kaka yake. Nadhani haitampatia, kwa maana ile picha iliungua na moto haurudishi. Lakini nilimwahidi kwamba nitaandika alichonisimulia, na hapa nimekwisha kukiandika. Alinikataza kutia majina yao gazetini, nami nimemtii. Jina la kaka yake nimeliandika nyuma ya fotokopi, juu ya hesabu zangu, pamoja na mtaa aliolala, duka alilofanyia kazi na ile suti ya kuazima. Ameniambia niihifadhi mimi.

Usiku ule, kabla ya kwenda kulala, aliitazama tena kwa mara ya mwisho. Akaweka kidole juu ya mtu mmoja wa mstari wa tatu, kijana mwembamba aliyeinamisha kichwa. Nikamuuliza kwa moyo kunidunda, "Shosho, ndiye?"

"Siye," akasema. "Lakini huyu ni wa mtu."

Wasomaji wapenzi, huenda ni wa mtu anayeishi mlango wa tatu kutoka kwenu. Nendeni mkaulize. Kwaherini mpaka toleo la mwakani, Mungu akitujalia.